Ukikosa nyumba, usiilipie inayofuata kwa hasira

Swali la wiki lilikuwa: mtu afanyeje anapokosa nyumba aliyokwisha kuipenda baada ya kuitafuta muda mrefu? Najibu kwa kufikiria Dar es Salaam, ambako wengi hununua kwa fedha taslimu kupitia dalali.

Machungu yenyewe yatapoa. Hatari ipo kwenye nyumba inayofuata. Aliyetoka kukosa huwa na haraka, na dalali analijua hilo. Ataambiwa "kuna mama anakuja na hela yote kesho asubuhi", naye atatoa kishika uchumba, yaani malipo ya awali, jioni ile ile bila kuuliza hati. Hapo ndipo watu wanapolizwa.

Kwa hiyo hela isitoke kabla ya upekuzi. Omba nakala ya hati yenye namba ya kiwanja na kitalu, wakili aipeleke kwa msajili wa hati. Majibu yataonyesha mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio la kuiuza. Jina likiwa la marehemu, muuzaji awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto mkubwa hakutoshi. Muuzaji akiwa na ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka ridhaa ya mwenzake kwa nyumba ya familia. Wanunuzi wengi huliruka hili kwa kuona haya kuuliza, kisha mke anaibuka na kesi.

Ukilazimika kutoa kishika uchumba kabla majibu hayajarudi, lipa kwa benki, na mkataba useme fedha yote inarudi ndani ya siku fulani iwapo upekuzi utatoa kasoro.

Kuna jambo dogo linalopunguza maumivu kuliko maneno yote ya faraja: usiwapeleke watoto kuona nyumba kabla majibu hayajarudi. Wakishagawana vyumba, nyumba mbovu huikatai tena.

Pia tenganisha ulichokosa na ulichoepuka. Mpimaji akikuta bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, iko ndani ya hifadhi ya barabara, eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, hujakosa kitu. Mwaka 2017, nyumba nyingi za Kimara hadi Kiluvya zilivunjwa kwa sababu hiyo hiyo, kando ya Barabara ya Morogoro, na baadhi ya wenyewe walikuwa wamekaa pale miaka mingi.

Biashara nyingine hufia mwishoni, na hizo ndizo zinazouma zaidi. Bei imekubalika, wakili yupo, halafu ndipo inakumbukwa kodi ya TRA. Kisheria, kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, lakini wengi huisukumia kwa mnunuzi. Ushuru wa stempu nao upo, na ada ya dalali, ya wakili na ya uhamisho. Andikeni nani analipa nini siku ile ile mnayotaja bei, kwani ukisubiri, muuzaji atakuwa amepata sababu ya kumsikiliza mwingine.

Nyumba ikiuzwa kwa mtu mwingine, mwachie dalali namba yako na bei yako ya mwisho, na umwombe akutafute ikirudi sokoni. Zinarudi, hasa mnunuzi akiwa anategemea mkopo wa benki ambao haujapita. Ikirudi, fanya upekuzi upya. Majibu ya miezi mitatu iliyopita hayaonyeshi zuio lililowekwa wiki jana.