Mzazi akianza kusahau: tafiti zinazoweza kumfaa sasa

Kauli ya "ni uzee tu" husemwa kwa nia njema, tena mara nyingi na watu wanaompenda mzee kwa dhati, lakini katika miaka niliyomwuguza mama yangu nimeona kuwa ndiyo inayowachelewesha wagonjwa wengi kufika kwa daktari. Kusahau jina la jirani na kulikumbuka baadaye ni kawaida kwa mtu wa umri mkubwa. Kupotea katika njia aliyoizoea maisha yake yote, au kushindwa kufuata hatua za kazi aliyokuwa akiifanya bila kufikiri, si kawaida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kupita uzee wa kawaida, na kwamba ugonjwa wa Alzheimer unachangia asilimia 60 hadi 70 ya visa hivyo.

Uchunguzi wa mapema una faida kubwa kwa sababu si kila anayesahau ana dimensia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi iliyolegea, sonona, maambukizi, damu iliyovujia ndani ya fuvu baada ya kuanguka, hata baadhi ya dawa za mzio na za usingizi, vyote vinaweza kuvuruga kumbukumbu, na vingi kati ya hivyo vina tiba. Kwa hiyo mnapokwenda kwa daktari beba dawa zote za mzee wako, zikiwamo zile ambazo hazikuandikwa na daktari, na uandike mapema mambo uliyoyaona pamoja na tarehe zake, maana mzee akiwa mbele ya daktari hujikaza. Mama alizungumza kwa ufasaha kabisa, akamwuliza daktari hata habari za watoto wake. Alipoombwa kuchora saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi, alizibananisha namba zote 12 upande wa kulia wa duara, kisha akaweka kalamu chini na kunitazama. Kipimo hicho ni chepesi kwa sura, lakini kinadai kumbukumbu, mpangilio na uwezo wa kupima nafasi kwa wakati mmoja.

Jambo ambalo ningependa kila familia ilichukulie kwa uzito ni masikio. Jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia na yanayoweza kurekebishwa, likakadiria kuwa karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo yote yangeshughulikiwa. Kupungua kwa usikivu ni miongoni mwa yale yenye mchango mkubwa zaidi. Asiyesikia vizuri hujitenga, hukaa kimya kwenye mazungumzo, na ubongo wake hukosa kazi. Utafiti uliofanywa Marekani kwa wazee 977 wenye umri wa miaka 70 hadi 84, na kutangazwa mwaka 2023, haukuonyesha tofauti kati ya waliopewa vifaa vya kusaidia kusikia na wasiopewa, kwa washiriki wote kwa jumla baada ya miaka 3, lakini kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi, waliopewa vifaa hivyo walipungukiwa na uwezo wa kufikiri kwa kasi iliyo chini kwa asilimia 48. Natamani habari hii ingesambaa kama zinavyosambaa habari za dawa mpya. Mama alipovalishwa kifaa chake hakurejewa na kumbukumbu, ila alirudi kwenye mazungumzo, na maswali aliyokuwa akiyarudia kwa kuwa hakusikia jibu yalipungua.

Shinikizo la damu nalo lisiachwe. Utafiti mwingine wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa kushusha kipimo cha juu hadi chini ya 120 badala ya 140 kulipunguza hali ndogo ya kusahau inayotangulia dimensia, ingawa kwa dimensia yenyewe tofauti haikuthibitika. Kiwango kinachomfaa mzee wako ni cha daktari kuamua, kwa sababu shinikizo likishuka mno huweza kumwangusha.

Kuhusu dawa mpya, soma namba kabla ya kushika tumaini. Lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa Alzheimer ya hatua za mwanzo, ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 katika miezi 18. Kwenye kipimo cha ukali wa ugonjwa chenye pointi 18, hiyo ni tofauti isiyofika nusu pointi, na baadhi ya wagonjwa walipata uvimbe au kuvuja kwa damu kwenye ubongo. Ni hatua ya kweli ya kisayansi, lakini haiponyi.

Anayeuguza naye asisahaulike. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake ndio wanaotoa asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wagonjwa hawa, na katika familia nyingi mzigo wote humwangukia binti mmoja bila hata kikao. Itisheni kikao hicho mapema, mgonjwa mwenyewe akiwapo na akiwa bado anaweza kusema anachotaka kuhusu matibabu na mali zake, mgawane zamu kwa majina, zikiwamo za usiku.