Maswali ya wasomaji: Hivi Roho alimzuiaje Paulo asiende Asia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie Matendo 16 pale Paulo na wenzake wanakatazwa na Roho Mtakatifu wasihubiri Asia, wakajaribu Bithinia nako wakagonga mwamba. Sasa Roho anamkatazaje mtu kuhubiri jamani, si ndo kazi aliyomtuma mwenyewe? Na alimwambia vipi, sauti, ndoto au nini? Nauliza kwa sababu nimepata kazi mkoa mwingine, mume wangu anasema tusubiri ishara na mimi naona tarehe ya kuripoti inakaribia. – Mama wa wawili, Iringa

JIBU: Marahaba dada. Tuanze na hilo la "vipi", maana ndo watu wanabishania mpaka wanakosana: Luka, mwandishi wa Matendo, hasemi. Anaandika tu kwamba walikatazwa, na mstari unaofuata kwamba Roho wa Yesu hakuwapa ruhusa, basi, anaendelea na safari. Wapo wanaosema ni ugonjwa, wanachukua Wagalatia 4:13 pale Paulo anapokumbushia kwamba aliwahubiria mara ya kwanza kwa sababu ya udhaifu wa mwili. Mimi naegemea zaidi kwa Sila, mwenzake Paulo wa safarini, kwa sababu sura ya nyuma tu, Matendo 15:32, Luka ametuambia Sila alikuwa nabii, na nabii akiwa ndani ya msafara wenyewe huhitaji kutafuta mbali neno lilipotokea. Lakini ni maoni yangu hayo, usiende kuyahubiri.

Ila kabla hujafika kwenye ishara angalia ramani kwanza. Asia inayotajwa pale sio hili bara la China na India, ni jimbo la Kirumi, magharibi ya Uturuki ya leo, na mji wake mkubwa ni Efeso wenye bandari na watu wa kila aina. Paulo alikuwa ametoka kuyatembelea makanisa ya safari ya kwanza, Derbe, Listra na kuendelea, kule Listra akamchukua Timotheo, na ukifuata barabara kuelekea magharibi unaangukia Efeso. Kwa hiyo plani yake ilikuwa plani ya mtu mwenye akili timamu kabisa. Ikakataliwa. Akageuza kaskazini kwenda Bithinia, kwenye miji kama Nikea na Nikomedia, hiyo nayo plani nzuri tu, ikakataliwa! Wakabaki na njia ya kushuka Troa ambapo mbele ni bahari. Hayo ni mamia ya kilomita kwa miguu, na Luka haandiki kwamba walihubiri hata mahali pamoja katika kipande hicho, na wala hakuna aliyewaambia kwa nini. Watu wanaruka hapa haraka haraka wafike kwenye maono, wakati mi naona hapa ndo pa kukaa.

Maono yenyewe yakaja usiku Troa, mtu wa Makedonia amesimama anamsihi, "Vuka, uje Makedonia utusaidie." Soma mstari wa 10 taratibu. Aliyeona ni Paulo peke yake lakini waliofikia uamuzi ni "sisi", na hapo ndo Luka anaanza kuandika "sisi" kwa mara ya kwanza kwenye kitabu, yaani walikaa wakaliongea wakaona hakika kwamba Mungu amewaita. Na ndoto haikutaja mji wala nyumba ya kufikia. Kwenda Filipi walichagua wenyewe, koloni la Warumi, liko kwenye barabara kuu ya Egnatia, na upepo ulikuwa upande wao kwa sababu walivuka kwa siku mbili tu, safari nyingine ya kurudi upande huu iliwachukua siku tano (Matendo 20:6). Walipofika hawakumkuta yule mwanaume wa kwenye maono, walikuta wanawake mtoni wanasali, na wa kwanza kuamini anayetajwa ni Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, mwenyeji wa Thiatira, mji ambao uko ndani ya Asia ile ile waliyokatazwa. Halafu baada ya hapo wakachapwa fimbo na kutupwa jela. Sasa angekuwa mmoja wetu angesema ndoto ile ilikuwa ya shetani, tumepotea njia, turudi.

Na ile hapana ya Asia haikuwa ya milele. Akiwa anarudi kutoka Korintho Paulo alipita Efeso, wakamwomba akae, akakataa, akawaambia atarudi Mungu akipenda, na kweli akarudi akafundisha pale zaidi ya miaka miwili mpaka Luka anasema wote waliokaa Asia walilisikia neno. Bithinia ndo hatuoni popote kwamba alikwenda, lakini waraka wa kwanza wa Petro unawasalimia waamini wa huko, na mwaka 112 hivi gavana wa Kirumi wa huko, Plinio, alimwandikia Kaisari Trajano kuhusu hao Wakristo walivyoenea mijini na vijijini, na kwamba mahekalu yalikuwa karibu kubaki matupu. Wengine walikwenda, sio yeye.

Kwa hiyo dada, nikirudi kwenu. Paulo hakukaa Antiokia akisubiri ishara ndo afunge mizigo, alikuwa barabarani na plani mkononi na makatazo yakamkuta huko huko. Ila pia hakuvuka bahari peke yake akiwaacha wenzake wakiwa hawajashawishika. Kaa na mzee umuulize hiyo ishara anayoisubiri ni ipi hasa, maana mara nyingine mtu anayesema anasubiri ishara ana wasiwasi wa kawaida tu, shule za watoto, kodi ya nyumba, mama yake mzazi anabaki na nani, na hayo yanajibika kabla tarehe haijafika.

SWALI: Mwalimu, kuna mtumishi ametuahidi mara kadhaa kuja kwenye semina, matangazo tumebandika, siku ya siku anatuma meseji kwamba Roho hakumruhusu. Tukilalamika anatuambia hata Paulo aliahirisha safari. Je ni sawa? – Katibu wa kwaya, Morogoro

JIBU: Ni kweli Paulo aliahirisha na watu walilalamika. Aliwaambia Wakorintho atapita kwao, aende Makedonia, arudi tena kwao, halafu hakufanya hivyo, wakaanza kusema huyu ndiyo yake ni siyo. Sasa nenda ukasome alivyojibu, 2 Wakorintho 1:23 mpaka sura ya 2. Hasemi Roho alinikataza. Anasema sikuja kwa kuwahurumia, sikutaka kuja tena kwa huzuni, na badala yake aliwaandikia barua kwa machozi mengi. Ni sababu ya kibinadamu kabisa na anaibeba mwenyewe. Kwa Wathesalonike alisema ni Shetani aliyewazuia. Kwa Warumi alisema kilichomchelewesha mara nyingi ni kazi yenyewe, kuhubiri kule ambako Kristo hajatajwa. Yaani mtu huyu aliyeona maono na kukatazwa na Roho waziwazi hakumtumia Roho kama kofia ya kufunika kila safari iliyovunjika.

Na mwambie pia asome 2 Wakorintho 2:12-13, hii huwa haihubiriwi. Paulo yuko Troa, anasema mlango ulifunguliwa kwake katika Bwana, lakini hakumkuta Tito, moyo haukutulia, akaaga akaondoka zake kwenda Makedonia. Mlango uko wazi na aliyeuacha ni Paulo kwa sababu ya wasiwasi juu ya rafiki yake na habari za Korintho! Hakuna anayemkemea. Mtumishi wenu akisema mke wangu anaumwa au nimechoka mtamwelewa, na gharama za matangazo mtasameheana.

SWALI: Je Paulo alimuasi Roho alipokwenda Yerusalemu wakati alionywa? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Swali gumu hili, na wanaojua Biblia vizuri wanagawanyika. Matendo 20:22 yeye mwenyewe anasema anakwenda hali amefungwa rohoni. Mjini Tiro wanafunzi wanamwambia kwa Roho asipande. Kaisaria, nyumbani kwa Filipo, nabii Agabo anachukua mshipi wa Paulo anajifunga mikono na miguu, hivi ndivyo mwenye mshipi huu atakavyofungwa. Angalia lakini, Agabo hakusema usiende. Alisema kitakachompata, na waliolia na kusema usiende ni wenzake, Luka akiwemo. Mi naona hata Tiro ilikuwa hivyo, Roho aliwaonyesha minyororo na upendo wao ukamalizia sentensi, ingawa mstari wa 21:4 unanibana kidogo, sikatai. Na Paulo alikuwa na sababu, alikuwa amebeba mchango wa makanisa ya Makedonia na Akaya kwa maskini wa Yerusalemu, sio matembezi. Baada ya kukamatwa Bwana alisimama karibu naye usiku, na badala ya kumgombeza akamwambia ajipe moyo, itampasa kumshuhudia na Rumi vilevile. Kweli akafika, baada ya miaka miwili mahabusu Kaisaria na meli iliyovunjika na watu 276 ndani, akiwa mfungwa chini ya ulinzi wa akida.

SWALI: Na Hispania alifika? – Huyo huyo wa Mombasa

JIBU: Plani ipo, Warumi 15:24 na 28, na aliwaomba Warumi wamsafirishe kutoka kwao. Matendo inaishia Rumi, amepanga nyumba miaka miwili anapokea wageni. Nje ya Biblia, barua ya Klementi wa Rumi, ya mwishoni mwa karne ya 1, inasema alifika mpaka mwisho wa magharibi, na orodha ya kale ya vitabu vya Agano Jipya inayoitwa ya Muratori inataja safari yake ya Hispania. Wengine wanasema waliyaandika hayo kwa kuisoma tu ile Warumi 15. Mi naona Klementi alikuwa Rumi kwenyewe na hakuwa mbali sana na matukio, kwa hiyo namwamini kidogo.