Mimi napima 5, mkunga anapima 7

Shikamoo Dada. Niko mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi na ukunga hapa Kigoma. Darasani patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu wa uzazi, hainisumbui. Leba ndiko ninakochanganyikiwa: nikipima njia, yaani mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, napata sentimita 5, mkunga akipima baada yangu anapata 7. Halafu kazi zikizidi, karatasi inajazwa mtoto akishazaliwa. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Ujiji

Marahaba, mdogo wangu. Anza na rula. Pima upana wa vidole vyako viwili vikiwa vimebanana, kisha uvitanue taratibu hadi 10 ukitazama. Baadaye kata matundu ya duara kwenye boksi gumu, sentimita 1 hadi 10, uyapapase ukiwa umefumba macho.

Wodini, tofauti ya 2 mara nyingi hutokana na wakati wa kupima. Uchungu ukishika, kichwa husukuma na mlango wa kizazi hutanuka. Ukiachia, hurudi kidogo. Kubalianeni mpime lini. Au umegusa ukingo wa mbele ukaishia hapo: zungusha vidole pande zote, na usiseme 10 mpaka ukose ukingo kabisa. Mpimeni mama mara moja tu, mfululizo, akiwa ameridhia. Kila mwanafunzi anayepita akipima, mnaweza kumwingizia maambukizi.

Hilo la kujaza mwishoni ndilo baya zaidi. Karatasi ya namna hiyo hupendeza kwenye faili, basi. Njia hupimwa kila saa 4, lakini uchungu na mapigo ya moyo wa mtoto ni kila nusu saa. Ning'iniza karatasi na kalamu pale kitandani. Ukibanwa sana, usiache mapigo: sikiliza dakika nzima uchungu unapoachia, weka nukta hapo hapo. Chini ya 110 au juu ya 160, ita mkubwa wako.

Kwenye patografu, mstari wa tahadhari huanzia sentimita 4 na kupanda sentimita 1 kwa saa. Wa kuchukua hatua uko saa 4 kulia kwake. Kwenye zahanati za mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako rufaa huweza kuwa ya boti, saa hizo 4 ndizo za kutafuta boti, mafuta na kumfikisha mama. X, alama ya njia ilivyofunguka, ikivuka mstari wa kwanza bila mtu kuiona, zimeshaliwa.

Kama wodi yenu imehamia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2020, kujaza huanzia sentimita 5 na mistari hiyo miwili haipo. Muulize msimamizi kabla ya zamu ya kwanza.