Maswali ya Wasomaji: Samaki na Mboga Katika Maji Yaleyale

Mwezi huu tumepokea barua nne zinazohusu akwaponiki, yaani ufugaji wa samaki na kilimo cha mboga vinavyotegemea maji yaleyale: pampu husukuma maji ya tangi la samaki hadi kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa mboga, maji huchujwa humo, kisha hurudi tangini. Barua tatu zimetoka Dodoma na moja Manyoni. Hilo halikunishangaza, kwa sababu huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja tu, na anayenunua maji kwa ndoo lazima atafute namna ya kuyatumia zaidi ya mara moja.

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Nkuhungu. Nilinunua tangi la plastiki la lita 1,000 lenye kizimba cha chuma, nikakata sehemu ya juu ikawa kitanda cha mboga, nikajaza maji ya bomba, na kesho yake nikatia vifaranga 200 vya perege. Niliwalisha viganja vitatu kwa siku. Siku ya nne walianza kuja juu wakitweta, na sasa ni wiki ya tatu, wamebaki 31. Maji yalikuwa maangavu muda wote. Nilikosea wapi?

Jibu: Shikamoo Mwalimu, na pole sana kwa hasara. Uangavu wa maji ndio uliokupoteza, kwa kuwa sumu iliyowaua samaki wako haina rangi. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula asichokimaliza huoza na kuongeza amonia hiyohiyo. Katika mfumo uliokomaa, kundi moja la bakteria huibadilisha amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kundi la pili huibadilisha naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia na mboga huitumia kama mbolea. Bakteria hao hukaa juu ya kokoto, gizani, penye unyevu na hewa ya kutosha. Ulipotia vifaranga, kokoto zako zilikuwa bado tupu.

Ndiyo maana huwa nawaambia wote wanaoanza kwamba mfugo wa kwanza katika kazi hii ni bakteria, samaki hufuata baadaye. Huna haja ya kuwanunua, kwa kuwa ni bakteria walewale wa udongoni ambao Sergei Winogradsky aliwatambua mwaka 1890, nao huja wenyewe wakipata chakula. Lakini huchukua kati ya wiki 4 na 6 kuongezeka kiasi cha kutosha. Katika muda huo unaendesha pampu bila samaki, huku ukitia tangini kijiko cha chakula cha samaki kilichosagwa kila siku ili kioze na kutoa amonia. Ukiwa na jirani mwenye mfumo unaofanya kazi, muombe ndoo moja ya kokoto zake zenye unyevu, uzichanganye na zako siku hiyohiyo kabla hazijakauka. Muda wa kusubiri utapungua sana. Kwa vipimo vya maji vinavyouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo utaona amonia ikipanda na kushuka, kisha naitraiti ikipanda na kushuka. Vyote viwili vikikaribia sufuri na naitreti ikaanza kuonekana, ndipo uende kununua vifaranga.

Mwalimu, ukifunua shavu la samaki aliyekufa katika wiki hii ya tatu, huenda ukakuta matamvua yana rangi ya chai ya rangi badala ya wekundu wa damu. Hiyo ni kazi ya naitraiti, ambayo huingia katika damu na kuizuia kubeba oksijeni, na ndiyo sababu samaki hutweta hata pale ambapo pampu ya hewa inatoa mapovu vizuri. Kwa hao 31, acha kuwalisha kwa siku mbili, badilisha theluthi moja ya maji kwa maji yaliyokaa wazi kwenye ndoo siku moja au mbili ili klorini itoke, na utie chumvi ya kawaida gramu moja kwa kila lita. Tangi lako baada ya kukatwa litakuwa na lita 700 hivi, kwa hiyo gramu 700 zinatosha. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo, kisha uimimine kidogo kidogo. Chumvi haiondoi naitraiti, ila huizuia isiingie mwilini mwa samaki wakati bakteria wanaongezeka.

Naomba pia usiwaongeze. Kila mita moja ya mraba ya mboga za majani hutumia mbolea inayotokana na gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku. Kitanda kilichokatwa kwenye tangi la aina hiyo kina takriban mita 1.2 za mraba, yaani kinabeba gramu 60 hivi za chakula. Perege 31 wakifikia robo kilo kila mmoja watakuwa na uzito wa karibu kilo 8, na watakula kiasi cha gramu 120 kwa siku. Maana yake ni kwamba hata hao waliobaki watakudai kitanda cha pili chenye ukubwa uleule kabla hawajafikia uzito huo.

Swali: Shikamoo mama. Mimi niko Ihumwa, nina watoto wawili. Samaki wangu wana miezi minne na wako salama kabisa, lakini majani machanga ya chainizi yanakuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Natumia maji ya kisima, na kokoto niliokota kwenye korongo. Jirani ameniambia nitie ndimu kwenye tangi.

Jibu: Marahaba mwanangu. Ndimu usitie. Unjano unaoanzia majani machanga, mishipa ikibaki kijani, ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Mara nyingi chuma huwa kimo majini, ila mizizi inashindwa kukifyonza kwa sababu maji yana chokaa nyingi na pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba yake hupanda uchachu ukipungua, iko juu. Maji ya visima vingi vya Dodoma ni magumu, kama unavyoona kwenye ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la chai. Mboga hupenda pH kati ya 6 na 6.5, bakteria hupenda iliyo juu zaidi, na samaki huvumilia zote. Kwa hiyo tunatafuta mapatano karibu na 7. Maji ya pH 8 hufunga chuma, na pia hufanya sehemu kubwa zaidi ya amonia iwe katika hali yake ya sumu, hasa mchana wa joto.

Kwa kawaida kazi ya bakteria hushusha pH taratibu. Kama yako imegoma kushuka kwa miezi minne, nashuku kokoto. Chukua glasi, tia mawe matano au sita yaliyooshwa, yakiwemo meupe, kisha uyafunike kwa siki na uweke sikio karibu. Nilipofanya hivyo kwa kokoto nilizookota mimi mwenyewe korongoni, mawe ya kijivu yenye chembe zinazong'aa yalikaa kimya, lakini yale meupe yanayochafua mkono kama chaki yalianza kuchemka mapovu na kutoa mlio mwembamba kama wa soda iliyofunguliwa. Hayo ni mawe ya chokaa. Ukitia ndimu leo, pH itashuka kwa saa chache, mawe yatayeyuka kidogo, na kesho itakuwa imerudi palepale. Kinachowaumiza samaki ni huko kupanda na kushuka. Isitoshe, tindikali ya ndimu huwadhuru bakteria. Badilisha kokoto kwa awamu, robo ya kitanda kila baada ya wiki mbili ili usiwaondoe bakteria wote kwa pamoja, na utumie kokoto za mawe magumu ya itale, ambayo vilima vyetu vimejaa.

Dawa ya kudumu iko kwenye bati lako. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji, na Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nyingi zikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Bati la mita 50 za mraba hupokea basi zaidi ya lita 27,000, na hata tukitoa zinazomwagika na kukauka, zinabaki si chini ya lita 20,000. Mfumo mdogo hupoteza asilimia 1 hadi 3 ya maji yake kwa siku, kwa mvuke na kwa yale yanayonywewa na mboga. Wenye lita 1,000 utahitaji kuongezewa lita 10 hadi 30, sawa na nusu ndoo hadi ndoo moja na nusu za lita 20. Tuseme lita 30 kila siku kwa siku 210 za kiangazi: ni lita 6,300. Ukichanganya nusu kwa nusu maji ya mvua na ya kisima, tangi moja la lita 5,000 la kuvunia mvua linakuvusha hadi msimu unaofuata. Maji ya mvua hayana chokaa, kwa hiyo mchanganyiko huo huipa pH nafasi ya kushuka yenyewe.

Kwa sasa, ili chainizi isife, nunua kwenye duka la pembejeo chuma cha cheleti, yaani chuma kilichofungwa ndani ya kiambata ili kibaki kimeyeyuka majini na mizizi ikifyonze, na usome herufi kwenye pakiti. Cheleti ya EDTA hushindwa katika maji ya pH ya juu. Omba ya EDDHA. Gramu 30 za unga wenye asilimia 6 ya chuma zinatosha lita 1,000. Maji yatageuka mekundu kama juisi ya rosela, na mara ya kwanza utashtuka, lakini samaki hawadhuriki. Majani yaliyokwisha kuwa ya njano hayatarudi vizuri, kwa hiyo angalia yale yanayochipua baada ya wiki moja au zaidi.

Swali: Niko Manyoni. Umeme hukatika mara kwa mara, na mwezi Julai usiku ni baridi. Nifuge perege au kambale?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa mazingira hayo ningekushauri kambale. Kambale ana kiungo maalumu kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo umeme ukikatika usiku anaweza kusubiri asubuhi, ilhali perege waliosongamana wanaweza kufa ndani ya saa chache. Tahadhari ni kwamba kambale hulana wasipolingana ukubwa, hivyo uwapange upya kila baada ya wiki chache na kuwatenga wakubwa, na tangi liwe na kifuniko kwa kuwa huruka nje.

Ukipenda perege kwa ajili ya ladha, kama nipendavyo mimi, nunua vifaranga madume watupu wasije wakazaliana na kudumaa, na uwe na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Pampu ya wati 10 kwenye betri ya volti 12 yenye ujazo wa Ah 50 (ampea-saa 50) hufanya kazi zaidi ya siku nzima bila kuimaliza betri, na paneli ya sola huijaza mchana. Umeme ukikatika na betri huna, chota maji kwa kopo na uyamwage kutoka juu, tena na tena.

Kuhusu baridi, perege hustawi katika maji ya nyuzi 27 hadi 30, na chini ya 20 hula kidogo sana. Chini ya 17 bakteria nao hulegea. Juni na Julai lisha mchana tu, punguza kipimo, na ufunike tangi jioni.

Swali: Chakula cha samaki ni ghali. Je, ninaweza kuwapa mashudu ya alizeti na pumba? (Msomaji, Nala)

Jibu: Katika bwawa la udongo, ndiyo. Katika akwaponiki ninashauri uwe mwangalifu mno, kwa sababu mashudu na pumba visivyoshikana husambaratika majini kabla ya kuliwa, huziba kokoto, na kuoza kwake hula oksijeni ambayo samaki na bakteria wanaihitaji. Wape chakula cha vidonge vinavyoelea, kiasi wanachomaliza kwa dakika 15, kisha uopoe kilichobaki. Ili kupunguza gharama, otesha azola, mmea mdogo unaoelea juu ya maji, kwenye beseni pana lililo kivulini, ukitumia maji ya tangi hilohilo. Perege huila vizuri, na isipoliwa leo huendelea kuelea ikiwa hai hadi kesho. Ianze kwa konzi moja, na uvune nusu tu kila beseni linapojaa.