Nanga ya ukuta ishike ardhi isiyosogea

Nyumba yetu iko Mkoani, Pemba, kwenye mteremko, na nyuma ya jiko nilijenga ukuta wa mita 2 kuzuia udongo. Masika ya kwanza yalipokatika nilishusha timazi: ukuta umelalia upande wa jiko kwa upana wa vidole vitatu.

Fundi akapigilia nondo za mita moja moja mlimani, akazifunga ukutani. Masika ya pili ukuta ukazidi kulala, na nondo ziko nao. Mzee jirani, nahodha wa zamani, alizitazama kwa muda, akaniambia: "Mwanangu, hii nanga umeitia ndani ya chombo."

Ndivyo ilivyokuwa. Udongo unaosukuma ukuta una umbo la kabari, nyembamba chini na pana juu. Ukiifunga nanga ndani ya kabari, vitaondoka pamoja. Kwenye mchanga mkavu wa kawaida, ukuta wa mita 2 huwa na kabari inayofika kiasi cha mita 1.2 nyuma yake, kwa juu. Bonge la zege la kushikilia, linalozikwa mlimani na kufungwa ukutani kwa nondo, nalo linataka udongo wa kuegemea mbele yake, upande wa ukuta. Likizikwa kina cha mita 1, ongeza kama mita 1.7. Kwa hiyo usilizike karibu na ukuta kuliko mita 3. Udongo wa mfinyanzi ulioshiba maji haufuati hesabu hii. Mwite mhandisi aupime kwanza.

Sisi tulikwenda mita 4. Nondo tuliipitisha kwenye bomba la plastiki lililojazwa uji wa saruji, maana hewa ya chumvi haina huruma na chuma, na nati tuliikaza zege lilipokomaa. Lakini kabla ya yote tulitoboa matundu ya maji na kujaza kokoto nyuma ya ukuta. Pesa ikitosha jambo moja tu, fanya hilo.

Kazi kubwa hutobolewa kwa mashine hadi kwenye ardhi ngumu, kama mhandisi Mfaransa André Coyne alivyofanya Algeria mwaka 1934 alipolifunga bwawa la Cheurfas kwenye mwamba kwa nyaya za chuma. Kwenye kazi kama hizo kila nanga huvutwa kupita mzigo wake kabla ya kupokelewa. Ukijengewa za namna hiyo, dai karatasi ya majaribio kabla hujamaliza kulipa.

Timazi yangu naishusha kila masika yakiisha, na nati naipangusa nione kama ina kutu.