Kabla ya kuchagua kigae cha vinaili, piga magoti uitazame sakafu yako

Kigae cha kwanza kilianza kulia mwezi wa tatu baada ya kutandikwa. Kilikuwa karibu na mlango wa sebule, pale ambapo kila mtu hukanyaga akiingia na akitoka. Ukikikanyaga kinashuka kidogo, kisha kinalia. Nilidhani kitazoea. Kufikia mwezi wa sita meno ya kuunganishia yalikuwa yamekatika, ufa ulikuwa umefunguka kiasi cha kupitisha ukucha, na uchafu ulijikusanya humo ukaacha mstari mweusi usiotoka kwa sabuni yoyote.

Wiki tatu nzima nilizitumia kuchagua rangi. Nilibeba sampuli, nikazilinganisha na mapazia, nikamuuliza dada yangu, nikamuuliza mume wangu mpaka akachoka kujibu. Zege ambalo vigae vile vingelala juu yake sikulitazama hata kwa dakika moja. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi yuko katikati ya zile wiki tatu. Weka sampuli chini kwanza. Sakafu uliyo nayo ndiyo inayoamua ni vinaili ya aina gani itakaa, rangi itasubiri.

Fundi wa pili, niliyemwita aje kuona uharibifu, hakugusa kigae hata kimoja. Alilaza ubao ulionyooka wa mita 3 juu ya sakafu, akapiga magoti, akamulika tochi kutoka upande wa pili. Mwanga ukapita chini ya ubao.

"Mama, kigae hakina kosa," akaniambia. "Hapa pana bonde."

Alipima akakuta zaidi ya sentimita moja. Watengenezaji wengi wa vigae vya kuunganisha kwa meno huruhusu tofauti ya milimita 5 hivi katika urefu wa mita 3, na baadhi yao ni wakali zaidi ya hapo. Kigae kilichotandikwa juu ya bonde hushuka kidogo kila kinapokanyagwa, na panapoumia ni kwenye yale meno membamba. Fundi wa kwanza alikuwa ameliona bonde, akaamua kulijaza kwa kutandika povu mara mbili. Hilo lilizidisha tatizo. Tandiko nene na laini huruhusu kigae kucheza zaidi, na kadiri kinavyocheza ndivyo meno yanavyochoka upesi.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni hilo la ubao na tochi, na unaweza kulifanya mwenyewe leo jioni. Pitisha ubao kila upande, hasa milangoni na mahali ambapo vyumba viwili vimeunganishwa baada ya ukuta kubomolewa. Weka alama za chaki palipo na mgongo na palipo na bonde. Mgongo husagwa, bonde hujazwa mchanganyiko wa saruji wa kusawazisha. Kama fundi wako anakwambia hakuna haja, mwombe apitishe ubao mbele yako.

Jaribio la pili ni la unyevu, na hapa ndipo neno "haiingii maji" linapowapoteza watu wengi. Ni kweli vinaili yenyewe hainyonyi maji. Ukimwaga ndoo juu yake, haitavimba kama vimbavyo vigae vya unga wa mbao. Lakini maji yanayopanda kutoka chini, kupitia zege, hayana pa kutokea. Hukaa chini ya kigae, hulegeza gundi, huotesha ukungu, na wewe hujui mpaka chumba kianze kunuka. Chukua karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike juu ya zege kwa utepe kingo zote nne, iache kwa siku nzima. Ukiifunua ukakuta matone, au zege limegeuka jeusi, usitandike chochote. Hata ikitoka kavu, ukiwa unapanga kutumia gundi mwambie fundi apime kwa kifaa, kwa sababu nailoni huonyesha unyevu wa juu tu. Na zege jipya lina mtego wake: zile siku 28 zinazotajwa sana zinahusu nguvu ya zege, hazihusu kukauka kwake. Zege nene linaweza kuchukua miezi.

Kama nyumba ni ya zamani na tayari ina vigae vya plastiki vilivyokakamaa, simama kwanza. Vigae vingi vya vinaili vya miongo iliyopita vilichanganywa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, na gundi yake nyeusi pia huweza kuwa nayo. Usivikwangue, usivipige msasa, usivivunje kabla sampuli haijapimwa na wataalamu. Mara nyingi ni salama zaidi kuvifunika vikiwa vizima kuliko kuving'oa.

Sasa tuje kwenye kigae chenyewe.

PVC, ile plastiki inayotengeneza vinaili, ilikuwa kitu kigumu kisicho na kazi nyingi mpaka mwaka 1926, pale Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani, alipopata njia ya kuilainisha. Kigae cha leo kimetokana na ugunduzi huo, lakini kimepangwa kwa matabaka. Chini kuna mgongo, wakati mwingine ukiwa na povu au gome la mti wa koki. Juu yake kiini. Juu ya kiini kuna picha. Nasema picha kwa maana yake halisi: ile mbao unayoiona, na vifundo vyake na mishipa yake, imepigwa picha na kuchapwa. Juu ya picha kuna tabaka angavu la plastiki linalobeba msuguano wote wa maisha yenu, kisha rangi ya kinga nyembamba sana.

Lile tabaka angavu ndilo unalolipia. Mbao halisi ikichakaa unaipiga msasa na kuanza upya. Vinaili haina nafasi hiyo; tabaka likiisha, picha inaanza kukwaruzika, na hakuna dawa isipokuwa kubadilisha kigae. Kwa hiyo unapogeuza boksi kusoma maandishi, usianze na unene wa kigae kizima. Nimeona kigae cha milimita 8 chenye tabaka la milimita 0.2, na pembeni yake kigae cha milimita 2.5 chenye tabaka la milimita 0.55. Mnunuzi asiyejua atachukua kile kinene akiamini amepata kitu imara. Kwangu mimi, chumba cha kulala kinatosheka na 0.3. Sebule, jikoni, korido, nyumba yenye watoto au mbwa, usishuke chini ya 0.5. Kwenye boksi nyingine kipimo hiki huandikwa kwa mil, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya inchi, wala si milimita: mil 12 ni kama milimita 0.3, na mil 20 ni kama 0.5. Waulize wauzaji wakueleze wanasoma kipimo kipi, maana nimewahi kuambiwa "milimita ishirini" na mtu aliyeniangalia usoni.

Kwenye bidhaa zinazofuata viwango vya Ulaya utakuta pia namba mbili ndani ya mchoro mdogo, mfano 23 au 33. Tarakimu ya kwanza inaeleza mahali: 2 ni nyumbani, 3 ni biashara, 4 ni viwanda vyepesi. Ya pili inaeleza uzito wa matumizi, na inavyopanda ndivyo kigae kinavyovumilia zaidi. Kigae chenye 23 na 33 pamoja ni kigae cha kutulia nacho miaka mingi.

Kiini ndicho kinachokutana na sakafu yako, kwa hiyo rudi kwenye alama zako za chaki kabla ya kukichagua. SPC ni unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na plastiki. Ni kigumu, kizito, hakibonyei kwa urahisi chini ya kabati, na hakitanuki sana kwa joto. Lakini ugumu huo huo hukifanya kisisamehe bonde: hakikunjiki kulifuata, hivyo meno huvunjika, kama yalivyovunjika yangu. WPC kina kiini kilichojazwa vitundu vya hewa. Ni chepesi, kina joto kidogo mguuni, hakipigi kelele unapotembea, na nakipenda kwa chumba cha mtoto. Weka friji nzito juu yake, utakuta alama za miguu yake siku utakapoisogeza. Kisha kuna vinaili laini ya kubandika kwa gundi, ya milimita 2 hadi 3. Hii hulala juu ya sakafu kama ngozi, haitikisiki, haina meno ya kukatika, na kigae kimoja kinaweza kubanduliwa bila kugusa vingine. Shida yake ni kwamba huonyesha kila kitu. Punje moja ya mchanga iliyosahauliwa chini ya gundi utaiona kila asubuhi jua likiingia kwa upande. Mistari ya grauti ya vigae vya zamani nayo hujitokeza, isipokuwa imejazwa na kusawazishwa kwanza.

Jua ndilo lililonifundisha somo la pili. Chumba chetu cha nyuma kina dirisha kubwa linalopokea jua la alasiri. Vigae vya pale havikukatika meno. Viliinuka, viwili viwili, vikakutana juu kama paa la hema. Fundi wa kwanza alikuwa amevisukuma mpaka vikagusa ukuta pande zote. Plastiki hutanuka ikipata joto, na vigae vilivyounganishwa chumba kizima hutanuka kama kipande kimoja. Visipopata pa kwenda pembeni, vinakwenda juu. Vigae vya kuelea, yaani vya meno visivyobandikwa kwa gundi, vinahitaji pengo ukutani, kwa kawaida milimita 6 hadi 10 kulingana na mtengenezaji, ambalo hufunikwa na skatingi. Skatingi yenyewe ipigiliwe ukutani, isipigiliwe sakafuni. Wala usijenge makabati ya jikoni juu ya vigae hivi, kwa sababu uzito ule unavibana upande mmoja huku upande wa pili ukihangaika. Jenga makabati kwanza, kisha tandika mpaka kwenye miguu yake. Na kwa chumba cha jua kali, chagua cha gundi, kwa gundi inayokubali joto, na uongeze pazia.

Mimi mwishowe sebule na chumba cha nyuma nilivisawazisha na kubandika vinaili laini yenye tabaka la 0.55. Vyumba vya kulala, ambavyo sakafu yake ilikuwa imenyooka tangu mwanzo, vilipata SPC na havijawahi kunisumbua.

Sasa ndipo rangi. Usichague kwa kipande cha kiganja. Omba kigae kizima, kilaze sakafuni, si mezani, ukitazame asubuhi na ukitazame usiku chini ya taa zako. Kisichong'aa huficha mikwaruzo. Cheusi huonyesha kila vumbi. Uliza muundo una picha ngapi tofauti kabla ya kujirudia. Zikiwa chache, utakuja kukiona kifundo kile kile kila hatua nne, na ukishakiona huwezi kuacha kukiona. Siku ya kutandika, fungua boksi kadhaa kwa wakati mmoja na uchanganye. Kabla ya hapo boksi zikae chumbani, zimelazwa, kwa saa 48 au kama maelekezo yalivyoandikwa, ili vigae vizoee joto la humo.

Ukinusa harufu kali ya plastiki, usijifariji kwamba "itaisha". Tafuta kigae kilichoandikwa kuwa hakina ftaleti, ambazo ni kemikali zilizotumika sana kulainisha PVC, na chenye alama ya kupimwa kwa kemikali kinazotoa hewani, kama FloorScore au GREENGUARD. Hii pia ni plastiki ambayo si rahisi kuirejeleza, na sababu hiyo peke yake ilinitosha kuamua kwamba sitanunua tena kitu cha kudumu miaka mitatu.

Baada ya kutandika, matunzo ni machache. Bandika vitambaa vya manyoya chini ya miguu ya viti. Fagia mchanga, kwa sababu mchanga ndio msasa wenyewe. Usitumie mashine ya kusafisha kwa mvuke wa moto. Na tafadhali, usiweke zulia la mlangoni lenye mgongo wa mpira: kemikali za mpira huingia kwenye vinaili na kuacha doa la njano lisilofutika. Nina moja, la umbo kamili la mstatili, jikoni.

Nunua asilimia 10 zaidi ya eneo ulilopima, na 15 ukipanga kwa mtindo wa mifupa ya samaki. Boksi zote ziwe na namba moja ya toleo, kwa sababu rangi hutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo. Boksi linalobaki usilirudishe dukani. La kwangu lilikaa chini ya kitanda, limelala, mpaka mwaka jana pasi ilipoanguka sebuleni ikaunguza kigae kimoja. Fundi alikipasha moto kwa mashine ya hewa, akakibandua, akakwangua gundi ya zamani, akaweka kingine kutoka boksi lile. Hata saa moja haikuisha.