Alasiri ya mama na Alasiri ya madrasa

SWALI: Assalamu alaikum ustadh. Kwetu Tanga, sasa tuko Leicester, Uingereza. Mwanangu wa miaka 9 anasoma madrasa ya jioni ya Wahindi, ndiyo iliyo karibu nasi. Siku hizi ananiambia Alasiri yangu naiswali kabla ya wakati, kunuti (ile dua ya kusimama) ya Alfajiri haipo, na irabu anazitaja "zabar, zer, pesh". Nimhamishe? Tena shuleni wameleta barua kuhusu somo la mahusiano. Naweza kumtoa?

JIBU: Wa alaikumu salaam, dada yangu. Usimhamishe. Nimesomesha watoto wa Kiswahili huku Uingereza miaka mingi, na swali lako hunijia kila Juni, jua linapokataa kutua.

Tuanze na Alasiri. Sisi wa pwani ni Mashafii, yaani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii. Majirani zako Waislamu wenye asili ya Gujarati na Pakistani wengi wao ni Mahanafi, wanaofuata Imamu Abu Hanifa. Kwa Shafii, Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, juu ya kile kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Mahanafi wengi husubiri kifike mara mbili. Tanga hukuliona hilo kwa kuwa misikiti mingi ni ya madhehebu moja. Leicester mwezi wa Desemba tofauti ni kama nusu saa tu, lakini Juni inazidi saa nzima: yako inaingia mnamo saa 11:30 jioni, yao karibu saa 12:45. Sasa mtoto yuko madrasani katikati ya nyakati hizo mbili, unategemea asiulize? Tazama kalenda ya msikiti, nyingi zina safu mbili za Alasiri. Mwonyeshe zote mbili, umwambie ya kwanza ni ya kwetu na ya pili ni ya mwalimu wake, na zote zina wanazuoni wake. Madrasani aswali na jamaa. Nyumbani aswali nawe.

Kunuti ni hivyo hivyo, na Bismillahi ya kutolewa sauti, na kuinua mikono wakati wa kurukuu. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani na Kiingereza shuleni hashindwi na "kwetu hivi, kwao vile". Anayeshindwa mara nyingi ni mzazi.

Zabar, zer na pesh ni majina ya Kiajemi ya fataha, kasra na dhuma. Sauti ni ile ile, mwache. Sikiliza herufi yake ya dhadi (ض) tu: wasemaji wa Kiurdu huivuta kwenye zai (ز). Ila kabla hujamsahihisha, jisikilize na wewe, maana sisi Waswahili wengi tunaitamka kama dhali (ذ), nayo si dhadi.

Asichokipata pale ni fiqhi ya Kishafii na maana kwa lugha yake. Hiyo ni kazi yako, dakika 20 Jumamosi na Jumapili zinatosha. Chukua Safina, kile kitabu kidogo kinachosomwa katika vyuo vyetu vya Kurani, uanze na udhu: nguzo zake kwa Shafii ni 6, kwa Hanafi ni 4, kwani wao niya na mpangilio wanavihesabu sunna. Akilielewa hilo moja, mengine hayatamshtua. Maana za sura fupi msomee kutoka tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy. Na nenda ukaonane na mwalimu wake. Leicester ilipokea familia nyingi zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na wengine walitoka Kenya. Usishangae mzee wa kamati akikuitikia kwa Kiswahili.

Kuhusu barua. Katika shule za msingi za England, sehemu ya Uingereza iliyo na Leicester, elimu ya mahusiano ni lazima tangu Septemba 2020, na mzazi hana haki ya kumtoa mtoto. Elimu ya jinsia, shule ikiamua kuifundisha, ni kitu kingine: hapo unamwandikia mwalimu mkuu na anatakiwa akukubalie, isipokuwa yale yaliyomo ndani ya somo la sayansi. Kwa hiyo soma barua yako vizuri ujue inazungumzia lipi, kisha uombe kuona vitabu na picha zitakazotumika. Nimeona wazazi waliokuja juu bila kuona hata ukurasa mmoja; somo lenyewe lilikuwa urafiki na uonevu.

Ibada ya pamoja ya shuleni na somo la dini unaweza kumtoa bila kutoa sababu. Ibada sawa, ukiona haja. Somo la dini nakushauri umwache, kwani Uislamu nao unafundishwa humo, na mwanao ndiye atakayemsahihisha mwenzake anayedhani Ramadhani ni jina la sikukuu.

Haya ni ya England. Una ndugu Cardiff? Asiige barua yako: mtaala mpya wa Wales, ulioanza 2022, umeondoa haki ya kumtoa mtoto katika elimu ya mahusiano na jinsia na katika somo la dini.